Kamba Niliyoisuka Fupi

Kwetu, kati ya kijiji cha Wamaza na barabara ya Kasongo, mpanda michikichi hajisukii kamba yake mwenyewe. Unasukiwa na mwenzako. Mtu akijisukia huwa anajionea huruma: atasema hapa panatosha, kesho nitakaza, na hiyo kesho itamkuta juu ya mti. Ukisukiwa, kuna mtu mwingine anayelala usiku akifikiria kiuno chako. Huyo tunamwita msusi. Kamba ikikatika na mtu akaanguka, hatuulizi ulikuwa mti gani. Tunauliza msusi wake ni nani.

Msusi wangu ni kaka yangu mkubwa. Na msusi wake nilikuwa mimi.

Kamba yenyewe tunaitoa msituni, ile yenye miiba. Unaiparua, unaipasua, unaianika, kisha unaisuka mpaka iwe nene kama kifundo cha mkono. Inazunguka shina na mgongo wa mpandaji, halafu ncha zake mbili zinafungwa ubavuni. Unaegemea nyuma, unakanyaga shina, unairusha kamba juu kidogo, unapiga hatua, unairusha tena. Ukifika chini ya makuti unajilaza hewani kwa uzito wako wote, mikono yote miwili ikiwa huru, moja imeshika panga. Upepo unapita mgongoni. Sijui raha nyingine inayofanana na hiyo, na nimeoa.

Tunapanda pamoja Jumamosi, ambayo sisi tunaiita siku ya posho. Tukimaliza tunakaa kando ya pipa tunalochemshia ngazi, yaani chikichi, tunda la mungazi, na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Sijaona watu wanaobishana kama wapanda miti. Wawili hasa hawachoki. Mmoja ni Mwislamu wa familia ya zamani ya mjini Kasongo, aliyeoa kwetu na kubaki kwetu. Huyo ni mtetezi wa nailoni, na kila akitoka sokoni hurudi na kipande cha kamba mpya ya kutuonyesha. Mwingine ni katekista wetu, ambaye haamini kitu chochote kilichotoka kiwandani isipokuwa kengele ya kanisa.

“Nailoni haiozake,” anasema mtu wa nailoni. “Mvua ipige, jua ipige, iko vile vile.”

“Haiozake, lakini inakatika bila kusema kitu,” anajibu katekista. “Kamba ya pori, mbele ya kukatika, inalia. Inakupa nafasi ya kutubu.”

“Wewe uko na zambi mingi, njo maana unatafuta nafasi.”

Tunacheka, kisha tunahamia kwenye lile swali lisiloisha: ukiteleza, ukumbatie mti au ujisukume mbali nao? Katekista anasema kumbatia, kifua kitachubuka lakini utafika chini ukiwa mtu. Mtu wa nailoni anasema utafika chini kama muhogo uliomenywa, bora ujisukume uangukie majani. Wanasimama, wanaonyesha kwa mikono, wanakumbatia hewa, wanarukia nyuma, mpaka wake zetu wanaokamua mafuta wanawaomba wakacheze mbali na pipa.

Kaka yangu alikuwa anawaacha wamalize. Karibu wote pale aliwafundisha yeye kupanda, kwa hiyo hakuwa na haja ya kupiga kelele. Akishatema mate yake pembeni, alikuwa anasema neno lile lile.

“Mutu haangukake kule juu. Anaangukaka hapa chini, mbele ya kupanda, saa anadanganya wenzake.”

Ndiye aliyetuletea kanuni ya kukalia. Kabla ya kupanda, unafunga kamba ukiwa bado umesimama chini, unajitupa nyuma mbele ya watu wote, unaruka-ruka ndani yake. Msusi wako anasimama nyuma yako na kuweka kiganja mgongoni mwako. Unamwuliza, “Iko sawa?” Yeye anajibu. Akisema iko sawa, unapanda. Wageni wanaona ni mchezo. Lakini tangu tuanze kukalia, hakuna aliyeanguka katika kundi letu, na hilo halibishaniwi hata na wale wawili.

Baba yetu alipokufa mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nimekuzwa na mafuta yaliyoshuka na kiuno cha kaka. Nguo za shule, chumvi, dawa ya malaria, hata mahari niliyopeleka kwa wakwe, vyote vilitoka juu ya miti. Hakuwahi kunikumbusha. Angekuwa mtu wa kukumbusha, pengine ningekuwa na ujasiri zaidi mbele yake.

Msimu uliopita akaanza kuangusha ngazi mbichi. Mkungu mbivu una wekundu, na ngazi zake zinaanza kudondoka zenyewe. Mtoto wa hapa anaujua akiwa mbali. Kaka alikuwa anashusha mikungu myeusi, migumu, isiyo na hata tone la mafuta. Mwanzoni ilikuwa mmoja mmoja. Baadaye rundo lake lote likawa jeusi.

“Mzee, mvumilivu hula mbivu,” mtu wa nailoni akamtania. “Sisi unatulisha mbichi sababu gani?”

“Mbivu, ndege wamemaliza,” kaka akajibu, na watu wakacheka. Walicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Nadhani kila mmoja alikuwa ameshaona kitu na hakutaka kuwa wa kwanza kukisema.

Nikampeleka Kasongo kwa pikipiki ya motari. Mganga wa macho hospitalini alimulika jicho moja, akamulika la pili, akatuambia bila kuzunguka kwamba mshipa wa jicho unakufa polepole kutoka pembeni. Dawa ya matone itachelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi. Akamwuliza kazi yake. Kaka akasema analima. Mimi nikatazama sakafu. Mganga akasema vizuri, alime, ila asipande mahali popote pa juu.

Kwenye kivuko cha kijito, motari alipotushusha ili asukume pikipiki kwenye matope, kaka akanishika bega.

“Ile maneno ya munganga, tumeiacha Kasongo.”

“Ndiyo, yaya,” nikasema. Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumjibu kitu kingine zaidi ya ndiyo, yaya.

Sasa, kwetu mpandaji hastaafishwi kwa kura. Kuna njia moja tu. Kamba husukwa upya kila mvua zinapoanza, na siku hiyo msusi anaweza kusema mbele ya watu: sikusukii tena. Akishasema hivyo, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumsukia yule mtu. Anashuka moja kwa moja. Tunampa fungu la chini, sehemu yake katika kila mavuno mpaka afe, na hakuna anayemcheka. Ndivyo tunavyosema. Lakini mzee mmoja aliyewahi kukataliwa hivyo hakuonekana tena siku za posho, na fungu lake alikuwa anamtuma mkewe kulichukua.

Mvua zilianza. Kamba zilikuwa zimeshaanikwa nyuma ya jiko langu, zimekauka, zinangoja mikono. Shemeji yangu, mke wa kaka, akaja asubuhi moja na kisahani cha mihogo kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Alikaa, akaziangalia kamba, akasema, “Shemeji, iko wewe tu. Mimi nikimwambia, anasema nataka nimukalishe jikoni kama mwanamuke. Jana ametia mukono ndani ya moto, anatafuta kikombe.”

“Nitasema naye.”

“Uko unamuogopa.”

“Hapana, shemeji.”

“Uko unamuogopa,” akarudia, akachukua kisahani chake kabla sijamaliza kula. Alikuwa na haki ya kukichukua.

Nilikuwa namwogopa, lakini si ngumi zake. Niliogopa kuwa mtu ambaye yeye alimlea, aliyenyanyuka siku moja na kumwambia basi. Kila nikikaa kusuka nilikuwa nauona mwili wake ukiwa chini ya mti, na kamba niliyoisuka mimi kiunoni. Nikiacha kusuka, nilikuwa namwona ameketi mlangoni, amegeukia upande ambao sauti za posho zinatoka. Yote mawili yalikuwa kazi ya mikono yangu.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho waoga hufanya. Nikachelewesha.

“Kamba ingali mbichi, yaya. Mvua haitaki nianike.”

“Hakuna shida,” akasema. “Ya zamani itasaidia.”

Nilidhani nikichelewesha atabaki chini. Sikufikiria ile ya zamani. Siku ya posho akaja nayo begani, imekuwa ya kijivu, imelala vibaya kama nguo iliyofuliwa sana. Akaifunga, akajitupa nyuma. Mimi nikiwa msusi wake nikaweka kiganja mgongoni. Akaruka-ruka, na kamba ikatoa sauti ndogo, kavu, kama kijiti kilichokanyagwa. Wengine hawakusikia, walikuwa wanabishana juu ya viatu.

“Iko sawa?” akaniuliza.

“Iko sawa.”

Bado sijui kwa nini niliyasema yale maneno. Yalitoka kama “ndiyo, yaya” zangu zote. Akapanda. Nilisimama chini na shingo imekakamaa, nikihesabu kila anaporusha kamba, nikijiambia nimwite ashuke, na sikumwita. Alishuka salama. Akaifungua kamba, akapitisha kidole gumba polepole kutoka ncha hadi ncha, na katikati kidole kikasimama. Hata mimi niliona: nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika, zimenyanyuka kama ndevu. Akaitundika kwenye kijiti chake cha kutundikia na kwenda kuomba maji.

Juma lile nikasuka. Na wakati nasuka ndipo ikanijia akili ambayo mpaka leo inaniunguza. Upande wa kijito kuna michikichi iliyodumaa kwa maji, myembamba na mifupi, ambayo hata mwanamke mwenye ufito mrefu wenye kisu anaivuna akiwa amesimama. Ile ya mlimani, ya shamba la zamani, ni minene na mirefu. Nikasema: nikiisuka kamba fupi kidogo, haitazunguka minene. Itamtosha kwenye ile ya kijito tu. Atapanda, lakini hatapanda. Sitakuwa nimekataa, na yeye hatakuwa ameshushwa. Nikajiona mwerevu sana. Nikapima kwa mikono yangu badala ya mikono yake, kisha nikapunguza tena.

Siku ya posho tulikuwa wote mlimani. Nikampa kamba ikiwa imezungushwa. Akainusa, akatabasamu.

“Imekauka muzuri.”

Hakuipima. Tangu nimeanza kumsukia, hakuwahi kuipima kamba iliyotoka mkononi mwangu. Akaitupa ikazunguka mti wake wa siku zote, akashika ncha moja, akaivuta ya pili ije ubavuni. Haikufika. Akavuta tena. Akafikiri imenasa. Akaiachia, akaanza kuzunguka mti kwa mikono, anapapasa shina taratibu, juu na chini, anatafuta kisiki cha kuti kilichoishika. Aliuzunguka mzima. Akazunguka tena. Alikuwa anatafuta kosa kwenye mti, kwa sababu kwangu halikuweza kuwapo.

Mwishowe akaivua, akainyoosha kifuani, mkono hadi mkono. Ncha ziliishia mbali na vidole vyake.

“Njia ya mwongo ni fupi,” katekista akanong’ona. Sidhani alitaka nisikie. Ilimponyoka.

“Hii umepima na mikono ya nani?” kaka akauliza.

“Yangu, yaya.”

“Nilikufundisha kupima.”

“Ndiyo, yaya.”

“Umesahau?”

Hapo ningeweza kusema nimesahau. Alikuwa amenifungulia mlango, nami niliuona umefunguka. “Sikusahau,” nikasema.

Akaizungusha kamba vizuri, kama kitu cha thamani, akanirudishia mkononi.

“Kunikatalia unaweza. Kila mususi anaweza. Lakini umenifanya nitafute kosa ku mungazi, mbele ya watu.” Sauti yake haikupanda. “Basi sema maneno. Wasikie.”

“Yaya, munganga alisema...”

“Hapana munganga. Wewe.”

“Sikusukii tena, yaya.”

“Nimesikia.”

Akaweka panga lake chini ya mti na kuanza kushuka mlima. Njia ile aliijua kwa miguu, lakini mvua ilikuwa imefukua mzizi mpya, akajikwaa, akapiga goti. Nikataka kukimbia nikamshike. Mtu wa nailoni akanikamata mkono.

“Acha,” akasema. “Ukimushika sasa, umemumaliza.”

Akainuka mwenyewe, akaendelea.

Fungu la chini tulilipeleka. Shemeji alipokea mlangoni, akasema aksanti, akaniambia kaka amelala, na mimi nilikuwa naisikia redio yake ndani. Kwenye pipa, nilipowaeleza neno la mganga, wakaanza kunibishania mimi, pale pale nilipo, kama wanavyobishania nailoni. Katekista alisema nilipaswa kulifichua neno hilo siku ile ile tuliporudi Kasongo. Mtu wa nailoni alisema neno la mganga ni la mgonjwa, si la kundi, ila kamba fupi ndiyo iliyoharibu. “Ulifanya ya muzuri kwa njia mubaya,” akaniambia. Katekista akasema hakuna ya muzuri kwa njia mubaya, kuna njia tu. Wakaendelea mpaka mafuta yakapoa. Mimi nilikuwa nawasikiliza na kukubaliana na kila mmoja, na kila hoja ilinipata mahali pake. Nilikuwa nalala vibaya. Mke wangu akaniuliza kwa nini namkwepa mtu ambaye nimemwokoa. Nikamwambia sijamwokoa, nimemshusha tu.

Na kamba yangu mwenyewe ilikuwa imezeeka. Msusi wangu ni yeye, na hakuwa anasema nami. Kwa haki zote angeninyamazia, au angetuma neno kwamba hanisukii. Nilikuwa nalingoja neno hilo. Nasema kweli, nililitamani. Ningeshuka, ningekaa mlangoni kwangu kama yeye, na tungekuwa sawa.

Siku moja ya posho, tukiwa mlimani, tukasikia fimbo inagonga mawe njiani. Alikuja peke yake, matope mpaka magotini, na kamba mpya begani. Hakumsalimia mtu kwanza. Akauliza, “Mudogo wangu iko wapi?” Nikasogea. Akanipapasa kiuno kwa kiganja, akanizungushia kamba na mti, akaifunga ubavuni mwangu kwa mikono yake, kama alivyonifunga mara ya kwanza nikiwa mvulana.

Niliikagua kamba ile kwa macho yangu mazima, nikitafuta mahali alipoiachia hasira. Sikupata. Nyuzi zilikaa zimebanana, sawasawa mwanzo mpaka mwisho, na urefu wake ulikuwa wa mwili wangu kabisa. Ameisuka gizani, nikafikiri.

“Kalia,” akasema.

Nikajitupa nyuma. Kiganja chake kikanikaa mgongoni. Wote walikuwa wanatazama, hata wake zetu kule kwenye pipa.

“Iko sawa, yaya?”

Akaisikiliza kamba kwanza.

“Iko sawa. Miye sidanganyake hapa chini.”

Kwa hiyo ile siku ya kamba ya zamani na yeye alisikia. Alisikia kamba ikilia kama kijiti, akasikia na jibu langu, akapanda hivyo hivyo juu ya neno langu.

Nikapanda, kwa sababu alikuja ili nipande. Nilipofika chini ya makuti nikajilaza hewani, na kamba ikanishika bila kutoa sauti yoyote. Nikatazama chini. Alikuwa ameukumbatia mti kwa mikono miwili, fimbo imeanguka kando, uso ameuinua. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kando, kwenye makuti ya mti wa jirani, na midomo yake ilikuwa inasema kitu, kama mtu anayehesabu.

“Yaya,” nikaita, “niko huku.”

Akageuza uso taratibu, akifuata sauti.